Klachi ya Tatu ya Evelio

Madereva wa mji mdogo wa Villa Arrayán ni watu wa ajabu kidogo. Gari likikohoa mara moja, mbio kwa fundi. Wao wakikohoa mwaka mzima, wanakunywa maji ya moto ya sukari guru na ndimu na kusema ni vumbi la barabarani. Kinara wao alikuwa Evelio Marulanda. Kwa miaka thelathini na minane aliendesha jipu yake kuukuu aina ya Willys, aliyoiita Paloma, akiteremsha magunia ya kahawa na mikungu ya ndizi kutoka milimani na kuwapandisha wachumaji, wengine wakining'inia nyuma kama nguo kwenye kamba. Paloma hakuwahi kulala na ugonjwa hata siku moja. Evelio mwenyewe alikuwa na kisukari mwaka wa sita, na vidonge vyake alivitia kwenye kisanduku cha gari pamoja na fyuzi. Alivimeza siku alizotafuta fyuzi.

Tarehe kumi na tatu Julai, siku tatu kabla ya sikukuu ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, mlinzi wa madereva, Evelio aliingia gereji ya Gildardo akiwa amenuna. Paloma alinuka klachi iliyoungua, na ilikuwa klachi ya tatu tangu Januari.

"Ndugu yangu, safari hii nakwenda kumkaba koo yule muuza spea," alisema kabla hata hajashuka. "Ananiuzia maboksi matupu yenye picha ya klachi."

Gildardo alikuwa fundi wake tangu wote wawili wana nywele, tena ndiye msimamizi wa ubatizo wa Yurani, binti pekee wa Evelio. Alikuwa amekaa juu ya tairi akinywa kahawa nyeusi pamoja na Uriel, dereva mwenzao. Gari la Uriel halikuwa na tatizo lolote. Alikuja gereji kwa sababu mkewe alikuwa anapaka nyumba rangi na alishaanza kutafuta mtu wa kushika ngazi.

"Karibu, mzee wa klachi," Uriel alisema. "Tulikuwa tunazungumza habari za goti langu. Likiuma la kulia, mvua inakuja. Likiuma la kushoto, mama mkwe anakuja."

"Na yakiuma yote mawili?" aliuliza Gildardo.

"Anakuja na mvua, na anakaa mwezi."

Walicheka, hata Evelio mwenye hasira zake. Wakamwuliza habari za Yurani, akasema mimba imefika mwezi wa saba na miguu imemvimba, na mama yake anamwambia kila siku kwa simu aiinue juu ya mto. Uriel akasema mkewe alipokuwa na mimba aliyevimba ni yeye Uriel, kwa sababu alikuwa anakula vya watu watatu ili mkewe asione aibu. Asubuhi nyingi za gereji ile zilikwenda hivyo, na mtu akiniuliza kwa nini wanaume wa pale hawana haja ya mganga wa roho, nitamwonyesha lile tairi.

Lakini Gildardo hakuinuka kuchukua spana. Alikwenda kwenye meza yake ya kazi akaleta pleti mbili za klachi, zile alizotoa kwa Paloma Februari na Mei. Zote mbili zilikuwa zimeliwa mpaka kwenye misumari, nyeusi kama sufuria ya kukaangia.

"Hizi hazikuvunjika, Evelio. Hizi zimeungua polepole. Mtu anayelaza mguu juu ya klachi ndiye anayeziunguza hivi."

"Unaniambia mimi? Mimi niliyekufundisha wewe kuendesha?"

"Ulinifundisha, nikagonga zizi la ng'ombe. Sasa panda, ukae kwenye usukani."

Evelio alipanda huku akimtaja muuza spea na ukoo wake. Gildardo akajilaza chini ya gari, akamulika na tochi pale klachi inapoungana na gia boksi.

"Kanyaga," alisema. Evelio akakanyaga. "Achia."

"Nimeachia."

"Achia, bwana."

"Gildardo, nimeshaachia! Umekuwa kiziwi huko chini?"

Uriel, aliyekuwa na neno la utani mdomoni tayari, alichungulia mlangoni na lile neno likamwishia. Buti la kushoto la Evelio lilikuwa juu ya pedali, limelala kwa uzito wake wote. Evelio alikuwa anatazama mbele kupitia kioo, mikono kwenye usukani, na uso wa mtu anayesema kweli.

"Tazama chini, kaka," Uriel alisema taratibu.

Evelio akatazama. Akauona mguu wake pale aliposema haupo. Aliuondoa haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

Gildardo alitoka chini ya gari bila kujifuta mafuta. "Vua buti," alisema.

"Buti la nini tena? Nimekuja na klachi."

"Klachi haina ugonjwa. Vua buti."

Alilivua, na kutoka ndani ikadondoka nati ndogo, ikabingirika sakafuni. Soksi ilikuwa imegandia unyayoni. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje kubwa ya hindi, cheusi pembeni, na harufu yake iliishinda harufu ya klachi. Alikuwa ameikanyaga ile nati siku nne au tano, akapanda nayo milima na kushuka, akaenda nayo kanisani.

"Haiumi," alisema Evelio. Aliona aibu kuliko alivyoona hofu. "Haki ya Mungu, ndugu zangu, haiumi hata kidogo."

"Hicho ndicho kinachonitisha," Gildardo alijibu. "Ingekuuma ningekucheka."

Wakamwambia waende hospitali saa ile ile. Evelio akakataa. Baada ya sikukuu, alisema, tarehe kumi na saba asubuhi, naapa kwa Bikira mwenyewe. Na hapa lazima nimtetee kidogo, kwa sababu hakuwa mjinga mtupu. Kule Villa Arrayán sanamu ya Bikira hubebwa na gari moja mbele ya msafara wote, na gari hilo huibeba mwaka hadi mwaka maadamu linafika. Likikosa mara moja, heshima inahamia kwa mwingine na hairudi. Paloma alikuwa amembeba Bikira miaka ishirini na miwili. Evelio hakuwa na shamba wala cheo, alikuwa na asubuhi hiyo moja kwa mwaka.

Gildardo hakubishana. Alifungua boneti, akachomoa rota ya distribyuta, kidude ambacho bila hicho gari haliwaki, akaitia mfukoni na kufunga kifungo.

"Gari lako halitoki hapa mpaka mguu wako uingie hospitali."

"Huo ni wizi!"

"Niite mwizi. Uriel, mpigie simu shemeji."

Aleyda, mke wa Evelio, alifika kwa miguu, unga wa mahindi bado mikononi, maana alikuwa anakanda mikate ya arepa. Mwanamke huyu akipandisha sauti, mbwa wa mtaa mzima huondoka, kwa hiyo alipoingia kimya wanaume wote watatu walisimama. Aliinama, akautazama mguu kwa muda mrefu.

"Ulisema daktari amekuambia uko sawa," alimwambia mumewe.

"Alisema... karibu sawa."

"Ulimwona lini?"

Evelio akainama kuiokota ile nati.

"Mficha maradhi kilio humuumbua, Evelio. Ila kilio ni changu mimi, wewe utakuwa umelala tu." Akajifuta mikono. "Vua na la kulia tulione. Halafu twende."

Hakuna aliyecheka. Mguu wa kulia ulikuwa mzima. Uriel akawapeleka kwa gari lake, akiendesha polepole kama aliyebeba mayai.

Hospitali ya mji ni ndogo, imekaa kwenye barabara kuu. Daktari alikuwa binti mwenye umri wa Yurani, na hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alimgusa Evelio unyayoni kwa uzi mgumu, mara kumi, akamwuliza kila mara kama anasikia. Evelio akasikia mara mbili, na moja kati ya hizo alikuwa anabahatisha. Kisha daktari akakata nyama iliyokufa, akaosha, akamwekea dripu ya dawa.

"Don Evelio, tutaufunua Alhamisi asubuhi. Nyama ikiwa hai, mguu unabaki. Ikiwa imeendelea kuwa nyeusi, nitakupeleka hospitali ya mji mkubwa na wataukata hapa." Akaonyesha chini ya goti. "Ungekuja Ijumaa nisingekuwa na la kukuambia."

Alhamisi ndiyo tarehe kumi na sita. Evelio alihesabu kwenye vidole na kugeuka ukutani. Alilala siku mbili anautazama ukuta ule. Alimfikiria mjukuu ambaye hajazaliwa, na babu wa mguu mmoja asiyeweza kumpandisha mlimani. Alifikiria pia jambo ambalo halikuwahi kumjia: kwamba fundi alisoma mguu wake kwenye kipande cha chuma, wakati yeye aliyeuvaa kila siku hakujua kitu. Jumatano Gildardo alipokuja na sufuria ya maharage yasiyo na mafuta, Evelio alimshika mkono.

"Asante, ndugu yangu."

"Ishukuru klachi," Gildardo alisema, akajifanya anatafuta kijiko. Kisha akakohoa. "Bikira atabebwa na Paloma. Nimeshafunga klachi mpya."

"Nani ataendesha? Wewe na zizi lako la ng'ombe?"

"Mimi," alisema Aleyda kutoka dirishani.

Evelio alicheka kwanza. Hakuna mwingine aliyecheka, naye akaacha.

"Baba yangu alinifundisha nikiwa na miaka kumi na minne, kwenye Willys ya shamba, na nilishusha kahawa misimu minne kabla sijakujua wewe," Aleyda alisema. "Uliponioa ukasema gari moja halina sukani mbili. Nikanyamaza, kwa sababu nilikupenda na kwa sababu nilikuwa mpumbavu. Kesho sinyamazi."

"Jana alimzungusha Paloma mpaka kanisani na kurudi," Gildardo aliongeza. "Klachi haikunuka."

Evelio alimtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza ameingia mle chumbani. Miaka thelathini na mitano amekaa kiti cha pembeni, mikono mapajani, na anajua. Akataka kusema nisamehe, lakini kilichomtoka ni, "Kwenye kona ya kinu, gia ya pili." "Ninajua," alijibu Aleyda, na safari hii sauti yake ilikuwa laini.

Alhamisi, honi zilianza saa mbili asubuhi. Willys, malori, mabasi, pikipiki, hata gari la taka lilikuwa na maua na maputo. Daktari aliingia na mkasi wakati msafara ukitoka kanisani. Evelio alifumba macho. Alisikia bendeji ikikatwa, akasikia daktari akivuta pumzi, na hakusikia kitu kingine kwa sababu mguu haukumwambia chochote.

"Fumbua, Don Evelio. Tazama mwenyewe."

Kidonda kilikuwa kikubwa kuliko alivyokumbuka, shimo kabisa. Lakini lilikuwa jekundu, na daktari alipoligusa kwa ncha ya chombo, damu mbichi ikachuruzika.

"Hiyo damu ndiyo tulikuwa tunaingoja," daktari alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Mguu ni wako. Ila kuanzia leo unautazama kila siku kwa macho, maana hautakuambia tena ukiumia."

Evelio alilia bila kujificha. Alimshukuru daktari, akamshukuru Bikira, akaishukuru nati. Kisha akasikia honi zimekaribia, akamsihi nesi amfunge haraka na amsukume kwenye kiti cha magurudumu mpaka langoni.

Wakafika Paloma akiwa anatokea kwenye kona. Bikira alisimama juu yake katikati ya maua meupe, Padri Arcesio akitembea nyuma na maji ya baraka, na magari zaidi ya mia yakifuata. Aleyda alishika usukani kwa mikono miwili, aproni bado kiunoni. Alipomwona mumewe langoni, alikanyaga breki. Bikira akayumba kidogo, padri akasimama, Uriel nyuma yake akasimama, na msafara wote ukasimama mpaka mwisho wa mji, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Aleyda alitoa kichwa dirishani. Honi zilimeza sauti yake, lakini kila mtu aliyekuwa pale aliusoma mdomo wake: "Wameukata?"

Evelio akapiga kelele mara mbili, tatu. Hakusikika. Ndipo akashika paja lake kwa mikono yote miwili akauinua mguu wa kushoto, mweupe kwa bendeji, akaushikilia juu mbele ya Bikira na padri na Villa Arrayán nzima.

Honi zikapasuka upya. Gildardo, aliyekaa kiti cha pembeni, alivua kofia akajifunika nayo uso. Aleyda aliegemeza kipaji cha uso kwenye usukani kwa muda, mabega yakimtikisika. Padri hakumharakisha. Kisha akajifuta kwa aproni, akatia gia, akaiachia klachi taratibu, na Paloma akaondoka bila kushtuka hata kidogo.

Evelio alikuwa bado ameushikilia juu. Nesi akamwambia aushushe, atachoka.

"Huyo ni mke wangu," Evelio alimwambia, machozi yakimfika kidevuni. "Na huu ni mguu wangu."