Umm Ghassan Amtibu Mjukuu

Hebu mwone Umm Ghassan anavyoingia kwa mwanawe Ghassan siku ya pili ya Idi: hagongi, hasubiri, sinia la maamuli, biskuti za Idi zenye tende au jozi ndani, limetangulia, yeye anafuata, na ushauri ulishafika tangu akiwa ngazini. Mji mzima wa Saida unamjua. Mwanamke huyu, ndugu zangu, amelea watoto watano, na kwa cheo hicho hakuna daktari ambaye yeye hamsahihishi. Wa moyo alimwambia apunguze chumvi. Akamhurumia, akasema kijana wa watu hana mke wa kumpikia.

Mjukuu wake Karam ana miaka mitatu na mzio wa kokwa za jozi. Chembe moja tu, koo linavimba. Mama yake, Hanadi, husoma kila pakiti dukani, hata karamuni huenda na chakula cha mwanawe, na sindano ya dharura haitoki mkobani. Mama mkwe amempa jina: Mkaguzi wa Forodha.

"Mzio," husema akipunga mkono. "Sisi tulikuwa na surua na vita. Huu mzio wameuleta akina mama wanaoosha kijiko mara tatu."

"Mama, mwaka jana alilazwa."

"Alilazwa kwa sababu ulimpeleka."

Hanadi alimeza hayo na mengine. Jumatatu alikuwa anarudi shuleni kufundisha, na wa kubaki na Karam hakuna ila bibi yake. Alimnunulia hata kalibu mpya ya kuumbia, atengeneze maamuli ya mtoto kwanza, kabla jozi hazijafunguliwa. Kule umbo ndilo linalosema: la jozi lina kuba, la tende limebapa. Hata Karam anajua.

Basi siku hiyo Karam akachukua sinieni lililobapa. Aliling'ata mara mbili.

"Mama, mdomo unawasha."

Midomo ikaanza kuvimba, kikohozi kikafuata. Hanadi alivunja kipande kilichobaki: ndani ya tende, jozi iliyosagwa laini kama unga. Alimlaza mtoto, akamchoma sindano pajani, akamwambia mumewe aite gari la wagonjwa.

"Kijiko kimoja tu," alisema Umm Ghassan, hajainuka kitini. "Nilikuwa namzoesha. Mwili ukila bila kujua, unasahau ukaidi."

"Ungemuua, mama."

"Mbona anapumua?"

Kuzoesha kupo, lakini hufanywa na madaktari, kwa vipimo, hospitalini. Si sebuleni na mtu anayewasahihisha madaktari wote wa mji.

Karam alirudi jioni ya siku iliyofuata, amelala begani kwa baba yake. Mngedhani bibi amejifunza. Kumbe alishazunguka kwa majirani wote akitangaza kwamba mjukuu amekula jozi na hakufa, basi amepona. Sindano, alisema, ilikuwa maonyesho ya Hanadi. Wengine walimpongeza, Mungu awasamehe.

Jumatatu saa moja asubuhi huyo hapo mlangoni, mikono ameinyoosha.

"Nipe mwanangu. Leo nimepika dengu tu, wallahi."

"Dengu na nini?" aliuliza Hanadi.

"Na dengu. Utanipekua?"

Ghassan alikuwa anatazama viatu vyake. "Ni mama yangu, Hanadi," alisema. "Hatarudia."

Kengele ya shule inalia saa mbili, na mwalimu aliyekosa siku ya kwanza haulizwi mara mbili, anaachishwa kazi. Karam amemshika mama yake shingoni. Sasa simama wewe mlangoni hapo: ungemkabidhi?