Korosho Kwenye Beseni la Paka

Mwaka aliofariki baba nilikuwa na uchovu wa kulala nao na kuamka nao. Kwa hiyo paka wake alipoanza kuchuchumaa uani muda mrefu, akilia na kutoa matone tu, sikuona huruma kwanza. Niliona kazi nyingine.

Paka huyo, dume la kijivu, alilala miguuni pa baba mpaka siku ya mwisho, na tangu msiba akahamia kwa mama. Mama si msemaji, lakini alipoona paka hagusi hata dagaa, alisema, "Na huyu akienda, mimi nabaki na nani humu ndani?" Nilikuwa nimekaa mbele yake. Nikaendelea kumenya muhogo.

Tukamtia kwenye kikapu, tukashuka naye kutoka Newala hadi Masasi kwa daktari wa mifugo. Paka alidondosha njia nzima, kikapu kikanywa kila tone, tukafika hana kitu. Daktari alimwamkia mama shikamoo, akampapasa paka tumbo, akasema hawezi kutoa dawa kwa kubahatisha, na kibofu kikiziba kabisa paka hafiki mbali. Alitaka mkojo wa asubuhi, usiochanganyika na kitu. Akanipa kichupa, tukapanda tena kurudi.

Sasa, paka wetu hujisaidia kwenye majivu nyuma ya jiko, na majivu hayarudishi kitu. Daktari alishauri nitafute kitu kisichonyonya. Nikajaribu changarawe, alizinusa akaondoka zake. Lakini msimu ulikuwa umeanza, chumbani kulikuwa na gunia la korosho zenye maganda yake magumu, na juu ya gunia hilo ndiko alikokuwa akishinda. Nikaosha korosho kiasi, nikazifuta, nikazimwaga kwenye beseni safi, nikamfungia nazo. Mama sikumwambia, maana asingekubali korosho zichezewe.

Asubuhi nilipochungulia, chini ya korosho kulikuwa na maji ya rangi ya chai. Nilikaribia kucheka. Nikaenda kuchukua kichupa, na hapo hapo jirani akapiga hodi kutujulia hali, na salamu za huku huwezi kuzikatisha. Niliporudi chumbani beseni lilikuwa tupu.

Mama alikuwa uani, anazitandaza zile korosho kwenye jamvi, juani, moja moja. Alizikuta zimelowa. Mtu wa kwetu akikuta korosho zimelowa haulizi zimeloweshwa na nini. Anamwaga maji, anazianika kabla hazijaharibika.

"Nimeziwahi," aliniambia, ameridhika. "Korosho haziachwi kwenye maji, mwanangu."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, nikalia. Nilikuwa nimechoka na paka, nimechoka na dawa, nimechoka na nyumba ambayo kila mara lazima mtu awe anaumwa. Nilipoweza kusema nikamweleza. Mama alinusa vidole vyake. Akaenda kunawa, akaingia jikoni, akatoka na upawa.

Paka alikuwa ameshachuchumaa tena kwenye majivu. Mama alipiga magoti nyuma yake, akamwinua mkia kwa kidole kimoja, akakinga upawa, kisha akageuza uso ukutani.

"Usimwangalie," aliniambia taratibu. "Baba yako naye, ukimwangalia hatoi."

Miezi yote ya ugonjwa wa baba ni yeye aliyemkingia kopo, na kila mara nilimwona kageuza uso hivyo hivyo. Nilidhani ni uchovu tu, kama wangu.

Nikageuka na mimi, nikatazama korosho jamvini. Tulikaa hivyo, kila mtu na upande wake, mpaka nikasikia tone la kwanza likigonga upawa. Mama hakugeuka. Alisema, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiisikia kutoka chumbani kwa baba, "Haya, baba. Pole pole. Hakuna anayekuona."