Godoro la Papa Ndani ya Gari la Mbio

Leo fundi wa viti amefungua mkebe wa gundi, na harufu yake ikanirudisha mtaani Murara, uani kwetu. Papa, baba yangu, alikuwa akifufua gari la mbio la zamani, la viti viwili, lililokaa chini hata tumbo likikwaruza mawe ya volkano. Aliliinua kwa springi za basi dogo. Kisha akakata godoro lake mwenyewe, akajaza viti na kuvigandisha kwa gundi. Yeye akalala mkekani.

“Papa, gari ya mbio inawekwaka godoro?” nilimcheka.

“Njia yetu ni mawe tu, binti yangu. Nataka mutu apande kila siku, mugongo isimuume.”

Mabomu yalipoanza kuanguka, tulikimbia kuelekea mji wa Sake. Papa alimpakia garini bibi yetu, aliyekuwa amevunjika nyonga, akaendesha polepole kama tulivyotembea sisi kando yake. Tulipofika penye ziwa la Lac Vert, kabla ya Sake, nilichungulia dirishani mwa gari. Bibi alikuwa amelala, anakoroma.