Mi si wa kwanza kufika Misri

Ile picha niliweka jana nimeifuta, na sijawahi kufuta kitu na fahari hivi.

Nilikuwa nimeandika: "Wa kwanza katika familia yetu kufika Misri." Nyuma yangu iko hekalu, na wafalme wanne wakubwa wa mawe wameketi juu ya kilima.

Leo nimemupelekea nyanya yangu, mama ya baba, hiyo picha hapa Gisenyi. Akavaa miwani, akaangalia sana.

"Hawa nawajua. Lakini hawakukaa huku juu. Walikuwa chini, karibu na maji."

Dada yangu akanikonyeza, eti ni uzee.

Mi nikasema pole pole, "Nyanya, mawe kama haya haiwezi kuhama."

"Miaka ya hamsini, tukienda Maka na marehemu babu yako, tulishuka mto Nili na meli. Ikasimama pale. Nilichukua udhu mbele ya miguu yao."

Kwamba waliwahi kuhiji, wote tunajua. Njia waliyopita, hakuna hata mumoja aliuliza. Nyinyi mulishauliza wazee wenu?

Bon, dada akafungua simu ili tumalize maneno. Akasoma, akanipa. Kweli, miaka ya sitini Misri walijenga bwawa, donc hekalu wakaikata vipande, wakaipandisha juu ili maji isiimeze.

Nyanya anakunywa chai yake tu.

Nikamwambia, "Basi naandika upya. Mi ni wa pili."

"Wa tatu," akasema. "Babu yako alishuka kwenye meli mbele yangu."