Blugamu Niliyoikata kwa Meno

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, kule karibu na Sotik, ilitangazwa siku ya nchi nzima kupanda miti. Hakukuwa na masomo. Chifu alihutubia mpaka mvua ikaanza, kisha kila mtoto akapanda uani mwa shule mche wa blugamu, ule mkaratusi unaokua upesi, na kuuwekea kibao chenye jina lake.

Nilifika nyumbani nikijigamba. Kogo, nyanya yangu mzaa baba, aliacha kukamua ng'ombe.

"Umeupanda kwa mikono yako?"

"Ndiyo, kogo."

"Basi siku mti huo utakapokupita urefu, wewe utakufa."

Alisema kama mtu anayesema kesho kutanyesha, akaendelea kukamua. Mimi maziwa ya jioni sikuyanywa. Kati ya miti yote duniani, wakanipa blugamu, mti usiojua kungoja!

Mti ulipofika kifuani pangu, nilianza kazi. Kila Ijumaa wenzangu wakikimbilia nyumbani, mimi nilijipima na mti wangu, kisha nikaukata ncha kwa meno. Ulikuwa mchungu kama dawa. Miti ya wenzangu ikapaa, wangu ukatanda bapa kama kichaka cha chai.

Siku ya miti iliporudi, chifu alisimama mbele ya kibao changu. "Hii ni mbuzi ya nani imekula mti wa serikali?"

Nikaangua kilio, nikaungama yote. Watu wazima walicheka hadi wakashikana mabega. Chifu hakucheka. Aliapa kwamba atakayeugusa tena atachapwa, akaagiza kogo aitwe.

Nilidhani kogo atakana. "Ni kweli nilimwambia," alisema. Akapiga magoti kwenye tope, akauchimbua mti na udongo wake, akaurudisha shimoni, akaushindilia kwa mikono miwili. "Sasa nimeupanda mimi. Andikeni jina langu. Uacheni ukue."

Mti ulimpita mwaka uleule. Yeye aliishi hadi akawabeba watoto wangu wawili, na kila akikohoa alisema, "Ni blugamu hiyo."

Siku hizi tumepewa tena likizo ya kupanda miti. Majirani zangu hupiga picha na mche, kisha huenda kuchoma nyama. Hakuna anayeuogopa, na sijaona anayerudi kuutazama.

Sikuwahi kumuuliza kogo kama aliyaamini maneno yake. Kama hakuyaamini, alinitesa mwaka mzima bure. Kama aliyaamini, basi siku ile alipiga magoti akachukua kifo changu, huku watu wakicheka.