Bei Aliyoitaja Mkurugenzi

Kiwandani walimwita Bei Moja, naye hakukasirika. Miaka yote aliyouza kompyuta kuu, yale madude yanayojaza chumba kizima na kunguruma kama jenereta, hakuwahi kumpunguzia mtu hata senti. Mteja akianza kulialia, humwongezea chai na kumuuliza habari za watoto mpaka atie saini mwenyewe.

Basi kaka yake, mwenye kiwanda, alipomwagiza aiuzie idara ya hali ya hewa dude jipya kwa nusu bei, alidhani kaka anaumwa.

"Dada, wale wanaonekana kwenye taarifa ya habari kila jioni. Wakitumia mashine yetu, jina letu litapaa. Wengine watakuja wenyewe."

"Watakuja, kaka. Watakuja kuomba nusu bei."

"Wewe uza tu."

Akauza, shingo upande. Lakini siku ya makabidhiano alimvuta pembeni mkurugenzi wa idara, bwana wa tai za hariri asiyepitwa na kamera.

"Mheshimiwa, hiyo bei usimwambie mtu. Watu wana midomo. Watasema umeuziwa mtumba."

Mkurugenzi alikunja uso kama aliyelambishwa shubiri. "Mtumba? Mimi?"

Tangu hapo, kila mgeni aliyeingizwa kwenye kile chumba cha baridi alitajiwa bei ya kutisha, na wa leo alitajiwa kubwa kuliko wa jana. Chuo kikuu kikaja kiwandani, kikalipa bei kamili bila kubisha. Benki nayo ikalipa, tena ikashukuru kwa kuuziwa rahisi kuliko mkurugenzi. Kaka akawa anatembea kifua mbele. "Unaona, dada? Punguzo linalipa." Dada akajing'ata mdomo asicheke.

Majigambo yakawafikia wakaguzi wa serikali. Serikali ilikuwa imetoa nusu tu. Hizo pesa nyingine zilitoka wapi? Jasho likimtiririka ndani ya baridi ile, mkurugenzi akakiri mbele ya waandishi wa habari kwamba alipunguziwa.

Kesho yake simu zikaanza kuita kabla Bei Moja hajaketi. Chuo na benki walitaka warudishiwe nusu. Kaka akaingia ofisini, uso umemshuka.

"Umewajibu nini?"

"Kwamba nusu bei ina sharti: mnunuzi afungulie wageni wetu mlango, awatembeze, ajibu maswali yao bure."

"Sharti hilo liliandikwa wapi?"

"Halikuandikwa. Lakini mkurugenzi si ndivyo alivyofanya?"

Benki, kusikia habari ya watu baki kuzurura kwenye mitambo yake, ikasema bei kamili haina neno. Chuo kikuu kikakubali sharti siku ile ile, maana kutembeza wageni ndiyo raha yao, na Bei Moja akalazimika kuwarudishia nusu kwa mkono wake mwenyewe. Ilimuuma wiki nzima.

Kaka husimulia kwamba punguzo lake ndilo lililowaletea benki. Dada husema benki waliletwa na uongo wa mkurugenzi. Kwenye meza ya chakula, mke wa kaka amewapiga marufuku kulizungumzia jambo hilo.