Risasi Iliyotoka Kwenye Nyama ya Nyati

Nisamehe mapema kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazoziruka. Shule niliiachia darasa la sita na mkono wangu ni mzito. Lakini kusema mbele ya watu ndiyo siwezi kabisa, kwa hiyo naandika, polepole, na wewe usome polepole.

Juzi nilitoka kwetu Gasorwe, hapa Burundi, nikaenda Buraza kumsalimia shangazi, anayeishi huko peke yake. Alikuwa amenunua nyama ya mbuzi. Kabla ya kuitia chunguni alikifinya kila kipande kwa vidole, kimoja kimoja, kama anayetafuta kitu. Mbuzi hapigwi bunduki. Ila ule ufinyaji niliujua. Ulikuwa wa bibi.

Nilikulia Tanzania, kwenye nyumba za udongo karibu na pori, tulipokuwa wakimbizi. Asubuhi niliamshwa na mchi wa jirani ukitwanga sombe, majani ya muhogo. Kazi yangu ilikuwa kuokota kuni na kufukuza kuku kwenye muhogo ulioanikwa. Jioni kulinukia mawese na moshi, na bibi alikaa mlangoni akitazama kila aliyepita njiani. Alimshuku kila mtu. Akiletewa hata ndizi mbili, alisema, "Mkono uliojaa, uulize ulijazwa wapi." Hatukumlaumu. Alikuwa amekimbia bunduki akiwa na mtoto mgongoni.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anapopata mgeni mwenye bunduki. Alikuwa mwindaji, mwenyeji wa pale, mwenye kibali chake, kijana wa kuchekacheka. Alituletea nyama, na wote tulijua haikuwa ya kutushibisha sisi. Ilikuwa kwa ajili ya shangazi, ambaye wakati ule alikuwa msichana, na ambaye mwindaji akija aliinamia chungu kuliko kawaida.

Siku moja alituonyesha risasi aliyoitoa kwenye mwili wa pofu, yule mnyama wa porini mkubwa kama ng'ombe. Ilikuwa imechanuka kama ua la boga.

"Risasi nzuri, mama, ni hii inayofunguka," alimwambia bibi. "Isipofunguka, mnyama anakimbia na kidonda chake."

Bibi aliigeuza kwa kijiti, hakutaka kuishika. Akasema, "Chukua chuma chako."

Muda ukapita. Wazee wa mwindaji wakatuma habari kwamba watakuja na pombe kuomba mchumba. Ndipo akaleta paja la nyati. Bibi akalifinya, kama kawaida yake, na kidole chake kikagota. Akatoa risasi nene kama dole gumba langu, nzima kabisa, haikupinda wala haikuchanuka. Akaiweka juu ya jiwe la kusagia na kumngoja mwenyewe.

Alipokuja kula nasi, bibi hakumkaribisha mkekani.

"We kijana, hii mbona haikufunguka?"

Mwindaji akacheka. "Mama, huyu ni nyati, si pofu! Ngozi nene, mfupa mgumu. Ukimpiga kwa risasi laini, inachanukia juu juu, haifiki moyoni. Halafu anakuja kukutafuta wewe. Kwa nyati unachagua ngumu."

"Eh! Juzi nzuri ilikuwa inayofunguka. Leo nzuri ni isiyofunguka. Kesho utaniambia ipi?"

"Mama, kila mnyama na..."

"Mi nimeshaziona nzima hivi hivi. Hazikutoka kwenye nyati."

Akaacha kucheka. Bibi akamwuliza, "Nani alikuona ukiichagua?"

Mwindaji akatazama jikoni, ambako shangazi alikuwa akisonga ugali. Mwiko ukasimama. Nilisikia moto tu. Kisha mwiko ukaanza tena, taratibu.

"Hakuna, mama," akasema.

Nyama ile ilizikwa nyuma ya nyumba, na harufu yake ilikuwa imeshatujaa puani. Wazee wa mwindaji wakaambiwa wasije. Baadaye tukarudi Burundi, na bibi amelala kaburini Gasorwe sasa.

Hayo yote nilikuwa nayo moyoni huko Buraza, nikimtazama shangazi na mbuzi wake. Nikajikaza nikamwuliza kama naye alimshuku yule mtu.

"Ewe! Kumbe ulikuwa unaangalia?" Akacheka kidogo, akanawa mikono. "Aliniwekea mbili kiganjani, laini na ngumu. Akaniuliza, ungekuwa wewe, kwa nyati ungechukua ipi? Nikamwambia hii ngumu."

"Lini?"

"Asubuhi ile anakwenda porini. Nyumbani kwake."

Ndipo nikaelewa. Siku ile shangazi angesema kutoka jikoni "mimi nilimwona," angekuwa amesema pia alikosimama, msichana ambaye hajaposwa bado. Na yule mwanamume naye alilijua hilo, akajibu hakuna.

Pori lile nasikia limelimwa. Chungu cha bibi kilivunjikia njiani tukirudi. Kilichobaki ni vidole vya shangazi vikifinya nyama isiyo na kitu ndani.

Shangazi hajui kama naandika haya. Wewe uliyekulia ng'ambo ile, kama unamfahamu mwindaji aliyekataliwa kwa ajili ya risasi nzima, niandikie yuko wapi, na kama ana mke. Mwandiko wako hata ukiwa mbaya kuliko huu, nitausoma. Lakini niandikie mimi, si yeye. Barua hiyo nataka niifinye kwanza.